Samaki Kumi na Mmoja wa Chance

Uvira, Kimanga, 19 Mei 2024

Mama,

Nakusalimu wewe na mdogo wangu Chance. Koko naye anamsalimu binti yake na mjukuu wake. Kwa kuwa simu hazipiti huko mlimani tangu antena iungue, Pitchou amekubali kubeba barua zangu kwenye taksibisi yake mpaka Sange. Huko atampa motari yeyote wa pikipiki anayepanda hospitali ya Lemera. Tafuta mtu wa kukusomea, na usione haya kumwomba.

Ziwa limefungwa tangu Jumatano. Miezi mitatu hakuna mtumbwi kutoka, ili samaki wazaane. Sokoni zimebaki ndagala kavu za zamani, na watu wanazitazama kama vito. Mimi nawaza maneno ambayo daktari wa hapa alituambia siku mlipoondoka: ugonjwa wa Chance si uchawi, ni bwaki, utapiamlo. Mtoto wa miaka minne hawezi kuishi kwa bugali wa muhogo peke yake. Akipona halafu akarudi kwenye bugali uleule, ugonjwa utarudi naye, na mara ya pili watoto wengi hawasimami tena.

Kwa hiyo nimeanza kazi. Tafadhali usicheke. Mwalimu Hyacinthe wa biolojia alinipa kurasa kumi na nne za kitabu cha Kifaransa. Samaki wanaishi ndani ya pipa. Maji yao machafu unayamwaga juu ya mboga zilizopandwa kwenye kokoto, bila udongo. Mboga zinakula uchafu ule, maji yanatoka safi na kurudi kwa samaki. Kitabu kinataka pompi ya umeme, lakini sisi umeme tunauona siku mbili kwa juma, basi pompi ni mimi: vikombe mia asubuhi, vikombe mia jioni. Kokoto nimezitoa mto Mulongwe na kuziosha mara saba.

Pipa ni lile la buluu la Baba, nimelikata: chini samaki, juu mboga. Tangu aende Misisi kuchimba dhahabu hajaliulizia, wala sisi hajatuulizia.

Shuleni sijamwambia mtu. Wataniita Mama Pipa.

Binti yako,
Josée


Lemera, 26 Mei 2024

Josée,

Minye mama yako ndiye ninasema. Anayeandika ni Mama Marie-Rose wa Lubarika, iko hapa kitanda cha pembeni na mujukuu wake. Alifundisha darasa la pili miaka makumi tatu. Nimemwambia: andika vile ninasema, usinitengenezee Kiswahili.

Weye mutoto, umekata pipa ya baba yako? Haya. Imeshakatwa, haishonwi. Akirudi utamuambia mwenyewe, minye siko.

Chance hakuli. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo inabakia pale. Uso umejaa mpaka macho haionekani. Wanamupa maziwa kwa mupira wa puani. Hataki kuongea, anageukia ukuta. Lakini Mama Marie-Rose alisoma barua yako kwa sauti, watu wa vitanda vyote vya salle wakasikiliza, na Chance akageuka. Akauliza: "Samaki ile italala wapi?"

Hiyo ndiyo neno ya kwanza tangu siku nne. Nililia mbele ya watu.

Basi jibu, mama. Samaki italala wapi?

Mama yako


Uvira, 2 Juni 2024

Mama, na wewe Chance,

Samaki hawafumbi macho, kwa sababu hawana kope. Usiku wanashuka chini ya pipa na kutulia, kila mmoja mahali pake. Nimewawekea jiwe moja bapa na kipande cha chungu ili anayetaka kulala kivulini alale.

Maana samaki wamefika! Ni tilapia kumi na mmoja, kila mmoja kadiri ya kidole changu. Thaddée mwenye mabwawa kule Sange amenipa, nami nimempa kamusi yangu ya Kifaransa kwa ajili ya mwanawe. Usikasirike, Mama, nilikuwa nimeshaisoma mpaka herufi P. Pitchou aliwaleta ndani ya bidon, dumu la maji, kati ya miguu yake, na alipofika aliniita barabarani kwa sauti kubwa: "Weye mutoto wa masomo! Samaki zako zimekojolea pantalon yangu tangu Sange!" Watu wote waligeuka. Nilitamani kuingia ndani ya bidon.

Wanakula pumba za mchele na mchwa. Maji ninayachota ziwani alfajiri, kabla ya volontere wa klore, dawa ya maji, kufika na sindano zao. Tangu kipindupindu kirudi, wanatia klore kwenye bidon ya kila anayechota. Kwa kunywa ni nzuri, lakini inaua samaki. Koko hapendi. Anasema ninawakwepa watu wa klore kama mwizi, na kwamba Mama Arakaza wa jirani alizikwa kwa sababu ya maji ya namna hiyo. Mimi nanyamaza tu. Unajua sijui kubishana.

Chance, samaki hawana majina. Naomba uwape.

Josée


Lemera, 9 Juni 2024

Josée,

Majina ni haya: Dokta, Sista, Maziwa, Pitchou, Koko, Josée, Mama, Kitanda, Supu, Bonbon, na ile nyembamba kuliko zote ni Sindano. Ameyatoa yote siku moja. Mama Marie-Rose aliandika upande mwingine wa karatasi ya dawa.

Mupira wa puani wameutoa. Sasa anakunywa kwa kikombe. Lakini iko na akili! Infirmiye mwenye kutuuguza akileta kikombe anauliza: "Sindano amekula?" Tukisema amekula, anakunywa. Juzi mwanamuke mumoja wa kitanda cha tatu alijifanya mucheshi, akamuambia: "Sindano leo amekataa." Mutoto akafunga mudomo mpaka jioni. Nilimutukana mwanamuke ule, kiisha nikamuomba musamaha, maana naye mutoto wake iko mubaya.

Endelea kuandika. Uso umeanza kushuka, naona macho yake.

Mama yako

Josée mwanangu, hapa chini ni mimi Marie-Rose, na haya simsomei mama yako. Nataka ujue uzito wa unachofanya. Siku barua inapofika, mtoto huyu anamaliza vikombe vyote. Siku ya nne au ya tano baada ya barua, anaanza tena kugeukia ukuta. Usichelewe.


Uvira, 14 Juni 2024

Mama Marie-Rose,

Karatasi hii nimeikunja peke yake na kuandika jina lako juu. Nakuomba usimsomee Mama.

Samaki wamekufa wote.

Jana nilikuwa kwenye mtihani wa kemia. Niliporudi saa saba Koko alikuwa amekaa kando ya pipa, amefurahi, akaniambia: "Mujukuu, nimekusaidia. Maji yako ilikuwa na rangi ya kijani, rangi ya kipindupindu yenyewe. Nilienda kwa volontere, nikawaomba chupa nzima." Aliimwaga yote. Samaki walikuwa juu, tumbo kwa jua. Wawili walikuwa bado wanafungua midomo. Nikawatia kwenye beseni la maji mengine, na humo pia wakafa.

Sikumfokea. Ningemfokea kwa lipi? Radio, padri, volontere, mimi mwenyewe na vitabu vyangu, wote tumemwambia maji yasiyo na klore ni kaburi. Rangi ile ya kijani nilikuwa naifurahia, kurasa zinasema ni dalili ya uhai. Nilimwandikia Chance barua nzima kuhusu kope za samaki, lakini Koko, ninayekula naye sahani moja, sikumwambia kwamba humu ndani usitie. Niliona ni rahisi zaidi kunyamaza.

Tuliwatoa mmoja mmoja. Koko alihesabu mara mbili, labda akitumaini mmoja amejificha. Tangu jana hajala.

Thaddée anasema hana vifaranga wengine mpaka mvua zirudi. Kweli sijui nimwandikie Mama nini. Wewe ni mwalimu, niambie.

Josée


Lemera, 18 Juni 2024

Mwanangu Josée,

Karatasi yako nimeisoma nyuma ya jiko la jamaa wanaouguza wagonjwa, kisha nimeitia motoni.

Kitanda cha tatu ni tupu tangu Jumapili. Mama yako anakitazama sana. Chance aliuliza mwenzake ameenda wapi. Tangu siku hiyo amerudia ukuta, na leo asubuhi amekunywa nusu kikombe baada ya mimi kumwambia kuwa barua ya samaki iko njiani.

Umeniuliza kama mwalimu. Mwalimu angesema sema kweli. Lakini mimi nina mjukuu kwenye kitanda cha sita, na nimeona watoto wawili wakitolewa hapa wamefunikwa. Andika samaki, mwanangu. Waandike kama wako hai. Mtoto akiinuka, akitoka hapa kwa miguu yake, tutamwambia mama yako mimi na wewe pamoja, na lawama nitaibeba mimi niliye mkubwa.

Marie-Rose


Uvira, 22 Juni 2024

Mama, na wewe Chance,

Samahani kwa kuchelewa, ni mitihani. Nina habari nyingi.

Sindano amenenepa mpaka jina halimfai. Asubuhi nikigonga pipa kwa ukucha, anakuja wa kwanza na kufungua mdomo juu ya maji kabla hata sijatupa pumba. Supu na Bonbon wanagombana kila siku kwa ajili ya kipande cha chungu. Kitanda ni mvivu, analala mchana. Jana Dokta aliruka nje, akaanguka juu ya mguu wa Koko, Koko akapiga kelele mpaka majirani wakadhani ni nyoka! Tumemrudisha, ni mzima.

Wengi sasa wanalingana na kiganja changu. Mboga za lengalenga zimefunika kokoto zote. Koko alichuma juzi, na zimeshaota tena.

Chance, kila unapomaliza kikombe, Sindano naye anamaliza pumba zake. Nimeona kwa macho yangu. Nadhani anajua.

Hapa nyumbani hakuna kinachokosekana isipokuwa ninyi wawili.

Josée


Lemera, 30 Juni 2024

Josée wangu,

Ile neno yako ya mwisho, Mama Marie-Rose amenisomea mara tatu. Minye nimeuza samaki tangu nilikuwa musichana. Sijaona tilapia kufikia kiganja kwa mwezi mumoja. Ni chakula yako, ni akili yako. Baba yako alikuwa anasema vitabu inakupofusha macho. Akirudi ataona.

Chance anatembea! Anashika kitanda hiki, anashika kile, anafika mulangoni. Uso umekuwa wake. Miguu ndiyo bado imevimba kidogo, na infirmiye anasema tubakie juma mbili tena. Nimekataa. Nimemuambia: "Weye unamupa mutoto maziwa ya pakiti. Kwangu samaki iko inaogelea mupaka mulangoni, mboga iko inaota juu yake. Dawa gani inashinda hiyo?" Akaniambia nikitoka ni kwa kichwa yangu. Nitaweka kidole kwenye karatasi yao.

Kweli ni hii, mwanangu: ninaogopa hapa. Kitanda cha tatu waliingiza mutoto mwingine, naye alikufa. Kitanda cha nne jana. Ninahesabu vitanda usiku. Cha tano ni chetu.

Tunatoka Alhamisi alfajiri. Usiue samaki hata mumoja mupaka tufike. Chance anataka kumuchagua mwenyewe wa kwanza, na si Sindano.

Mama yako

Josée, ni Marie-Rose. Nimemsihi. Nilipoanza kusema labda samaki hawajakua hivyo, alinicheka, akasema ninaogopa kubaki peke yangu. Anakunja nguo akiimba, na mimi kinywa kimekataa. Nilikuahidi kubeba lawama, na sikuibeba. Andika upesi, umwambie wewe. Kwa mkono wako ataamini.


Uvira, 2 Julai 2024

Mama, usitoke.

Mama Marie-Rose, soma hii mara uipokee, na usome kwa sauti.

Hakuna samaki. Walikufa wote tarehe 13 Juni kwa klore. Yote niliyoandika baada ya hapo nilibuni ili Chance ale. Dokta hakuruka nje. Lengalenga zimekauka. Leo tumekula bugali na matembele yaliyochemshwa kwa chumvi, na jana hivyo hivyo. Nyumbani hakuna kitu cha kumlisha mtoto. Bakini hapo majuma mawili, bakini hata mwezi. Nipige ukirudi, lakini usitoke.

Pitchou anapiga honi.

Josée


Lemera, 6 Julai 2024

Mwanangu,

Barua yako imefika jana jioni, Ijumaa. Motari anasema Pitchou alizuiliwa njiani kwa siku mbili, kabla ya kufika Sange, kwa sababu ya risasi za barabarani. Mama yako alitoka Alhamisi, giza bado, Chance mgongoni. Mtoto alipungia mkono kila kitanda. Wamempa pakiti za siagi ya karanga za juma moja.

Nairudisha barua yako ndani ya hii. Nimeisoma peke yangu. Miguu ikivimba tena, au akikataa kula, msingoje hata siku moja, mpelekeni kwa daktari wa hapo mjini.

Sina neno lingine. Nilikuwa na maneno mengi tarehe 18 Juni.

Marie-Rose


Uvira, 29 Julai 2024

Mama Marie-Rose,

Minye ni Mama Josée. Leo Josée ndiye anaandika, minye ninasema. Nakusalimu na mujukuu wako. Nasikia amepona. Nimefurahi, si ya mudomo tu.

Nilitaka usikie kwangu. Chance ametuacha Jumatano ya tarehe 17. Tulilala Sange usiku mbili chini kwa ajili ya risasi, ndani ya kanisa, watu wengi, maji mubaya, tumbo ikaanza kumuharisha. Tulifika hapa Jumamosi. Alishuka mugongoni, akaenda mbio kwa pipa, vile anaweza mbio. Akachungulia. Hakulia. Akaniuliza: "Sindano iko wapi?"

Mama yangu, huyu Koko, ndiye alijibu. Alisema wezi waliruka ukuta wa lupango usiku wa jana yake, wakachukua samaki yote. Chance akakaa chini pale. Nilimupa ile siagi ya karanga, akasema atakula wakati Sindano atarudi kula. Nilimubembeleza, nilimupiga kidogo, Mungu anisamehe, nikamufungua meno kwa kijiko. Siku ya tano uso ulijaa tena. Tulimupeleka hospitali ya mujini. Walihangaika naye sana, siwezi kuwasema vibaya. Tulimuzika juu, upande wa Kasenga. Wamama wa chorale walikuja kuimba, na Pitchou alikataa malipo ya gari.

Ninakushukuru kwa kuandika, kwa kusoma, kwa maji ya moto uliyonipa usiku ile ya baridi.

Na huyo mwizi. Andika, Josée. Huyo aliyekula samaki ya mutoto, ale asishibe. Alale asipate usingizi. Azae, na mutoto wake amuite, naye asiwe na kitu mukononi cha kumupa. Andika. Mbona mukono umesimama? Andika yote.

*

Hapa sasa ni mimi, Josée. Nimeandika yote kama alivyosema. Aliniambia nimsomee tangu mwanzo, nikasoma. Nilipofika kwenye mwizi niliweka karatasi chini. Koko alikuwa mlangoni anachambua maharage tuliyopewa kwenye kilio. Akasema, "Niache niseme minye." Nikamwambia hapana, Koko, wewe umeshasema kwa ajili yangu mara moja.

Nikamwambia Mama hakuna mwizi. Nikamwambia klore, tarehe 13, na barua ya samaki walionenepa. Nikamtolea barua uliyonirudishia, nikamsomea nayo, mpaka pale Pitchou anapopiga honi. Aliuliza kitu kimoja tu: kama wewe ulijua. Nikasema ulijua.

Koko akamaliza maharage, akaanza kuyachambua upya. Kisha Mama akasema: "Andika na hiyo. Naye ajue kwamba ninajua."

Nimeandika. Nilimwuliza kama nifute maneno ya mwizi. Alichukua karatasi, akaitazama mistari ambayo hawezi kuisoma, akanirudishia.

Alisema: "Bado."

Josée